Mpira Unasingiziwa

Ukifika na Land Rover ya zamani kwenye gereji yoyote ya Babati, vumbi limetanda hadi kwenye dashibodi, hukumu utaipata kabla hujazima injini. "Mpira wa mlango huo ni wa kopi, mzee wangu. Tafuta orijino." Aliyesema hivyo hajafungua mlango, hajapitisha kidole kwenye fremu, wala hajauliza gari ni la mwaka gani. Atasogea wa pili na kuongeza kwamba heri mpira orijino wa mtumba, hata kama umechakaa, kuliko mpya wa kopi. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye haraka, anakuja tayari na tyubu ya silikoni mkononi.

Maneno haya yamesemwa mara nyingi hadi wenye magari wenyewe wanayarudia, na wapo wanaokaa msimu mzima na milango isiyo na mpira kabisa wakisubiri hiyo orijino ipatikane. Mimi naona wanapoteza muda. Mpira mpya wa kopi, ukichaguliwa kwa umbo lake na kwa aina ya mpira uliotumika, kisha ukavalishwa kwenye fremu iliyonyooshwa, unafanya kazi vizuri kuliko sehemu kubwa ya kinachouzwa leo kwa jina la orijino. Na unaposhindwa, mara nyingi kosa ni la fremu, au la mkono uliouvalisha.

Naizungumzia Sigino kwa sababu huko jambo hili halihusu urembo. Kiutawala kata hii ni ya mji wa Babati, ila maisha yake ni ya shamba: mahindi, mbaazi, alizeti, ng'ombe. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, lakini mbaazi hazilimwi kando ya lami. Kiangazi kikikolea, udongo wa njia za mashambani husagika ukawa laini kiasi cha kupita mahali ambapo maji yangekwama. Mvua zikianza, gari lile lile lililokuwa linakunywa vumbi linaanza kunywa maji. Na magari yanayofanya kazi hiyo bado ni yale yale: Series III, 109 za abiria, 110 za miaka ya themanini. Waliokuwepo Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover wanajua kwamba Kaskazini magari haya hayajawa ya makumbusho. Yanabeba mizigo, na mwenye gari anataka mzigo wake na wajukuu wake wafike wakiwa wakavu.

Nianze kwa kuwatendea haki wapinzani wangu. Chuki dhidi ya kopi haikuzuka hewani. Zipo kopi za ovyo, na zimejaa. Upo mpira mgumu kama soli ya kiatu, ambao ukiufunga mlango haubonyei. Mlango unabaki umesimama nje ya mstari wa bodi na mwenye gari anaishia kuubamiza mpaka kitasa kinakufa. Upo wa sponji nyepesi ambao baada ya miezi michache umelala na hauinuki tena. Upo uliokatwa kwa umbo la gari jingine kabisa, ukauzwa kwa sababu tu ni mweusi na ni mrefu. Aliyewahi kununua mmoja wa hiyo ana haki ya kukasirika. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kuchukua mpira mmoja mbaya na kuufanya shahidi dhidi ya kila kisichotoka kwenye mfuko wa kampuni.

Tuulize kwanza hiyo orijino ni kitu gani. Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi mipira yake zenyewe. Zinanunua kutoka kwa viwanda vya mpira, vinavyofuata mchoro na vipimo vilivyotolewa, na muhuri wa kampuni ya gari unapigwa juu ya mfuko. Kwa hiyo uorijino ni habari ya vipimo vya mchoro na ubora wa malighafi. Hapo hakuna uchawi. Anayeshika mchoro ule ule na malighafi bora zaidi anaweza kutoa kitu bora zaidi, na malighafi kweli zimebadilika tangu gari hizi zilipotengenezwa. Mipira mingi ya zamani ilitokana na mpira wa asili au michanganyiko inayofanana nao. Adui mkubwa wa mpira wa aina hiyo ni hewa ya ozoni pamoja na jua: ukiwa umevutwa kidogo tu, hupasuka mipasuko midogo inayokatiza mvuto, kisha mipasuko inaungana. Leo mipira mizuri ya milango na vioo hutengenezwa kwa EPDM, mpira wa viwandani ulioingia sokoni miaka ya sitini na ambao ozoni na jua haviuwezi kirahisi. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Jua la huku halina mzaha, na gari linalolala nje linahitaji EPDM kuliko linavyohitaji muhuri.

Halafu kuna umri, na hapa ndipo hoja ya orijino inapojikata miguu yenyewe. Series III iliacha kutengenezwa 1985. Mpira wa enzi hizo uliobaki kwenye mfuko wake, haujaguswa, leo una miaka 40 au zaidi. Mwenye duka anaufuta vumbi na kuuza kwa bei ya dhahabu. Kiwango cha kimataifa cha kuhifadhi mpira, ISO 2230, kinaupa mpira wa asili miaka 5 ghalani kabla ya kutakiwa kukaguliwa upya, na EPDM miaka 10, tena kwenye ghala baridi, lenye giza na lisilo na mitambo inayozalisha ozoni. Duka lenye paa la bati halimo kwenye masharti hayo. Na orijino ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokufa? Hiyo imeshalala kwa umbo la mlango wa watu wengine kwa miongo kadhaa. Kuichomoa na kuitegemea ijiumbe upya kwenye mlango wako ni kuiomba miujiza.

Lakini tuseme umeupata mpira bora duniani. Bado una Land Rover.

Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, lilikuwa chombo cha mkulima: bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita, juu turubai. Lilikua, likapata mabati ya juu, likapata viti vya pembeni na milango mitano, ila tabia ya kuungwa kwa mkono na kwa bolti haikuliacha hadi la mwisho lilipotoka Solihull Januari 2016. Nafasi kati ya mlango na nguzo hazikuwahi kufanana gari na gari, hata upande na upande wa gari moja. Mzee anayeapa kwamba 109 yake ya zamani ilikuwa haipitishi hata chembe amesahau vumbi alilokung'uta. Ongeza sasa miaka 40 ya kazi. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini umeliwa na kutu miguuni na kwenye pembe za juu. Bawaba zimelegea kwa sababu kila abiria anayepanda hujivutia kwenye mlango. Fremu ya chuma iliyo ndani ya mlango, inapogusana na ganda la alumini penye unyevu, huzua ulaji wa metali mbili tofauti. Alumini inatoa unga mweupe, inavimba, na ukingo ambao mpira ungeukalia unakuwa na milima na mabonde.

Kuujua ukweli wa mlango hakuhitaji mashine. Chukua chaki ya darasani, pakaa ukingo wote wa mlango unaogusana na mpira, funga taratibu, fungua. Soma mpira uliopo. Palipopata alama nyeupe pana, mlango unabana. Penye mstari mwembamba, unagusa tu. Pasipo na alama, hapo ndipo shamba la Sigino linapoingilia. Kwenye milango ya mbele ya magari haya, nafasi isiyo na chaki hupenda kukaa kwenye pembe ya juu ya nyuma, kwa sababu sehemu ya juu ya mlango imeinama kuelekea nje. Fundi bodi anayejua kazi ataweka gogo chini, atashika juu, atairudisha kwa uzito wa mwili, kisha atapaka chaki tena. Atabadilisha pini za bawaba. Atasogeza kile kipande cha kitasa kilicho kwenye nguzo, milimita moja ndani au nje. Kazi hiyo yote inafanyika mpira mpya ukiwa bado kwenye mfuko, na mara nyingi ndiyo kazi isiyofanywa kabisa. Mteja analipia mpira, fundi anaubandika juu ya mlango uliopinda, wiki ya pili vumbi linarudi, na wote wawili wanakubaliana kwamba kopi haina maana.

Kuvalisha nako kuna namna yake. Kwenye Series mipira ya nguzo hushikwa na ukanda wa bati uliopigwa riveti. Kutu ikiwa chini ya ukanda, ukipiga riveti mpya juu yake umefunika jipu. Ng'oa, piga msasa, paka redoksaidi, subiri ikauke. Kwenye milango ya 110 mpira ni ule wa kusukumizwa, wenye uti wa chuma ndani unaong'ata ukingo. Huu kosa lake ni moja na linarudiwa kila siku: fundi anauvuta ili utoshe. Mpira uliovutwa hurudi urefu wake polepole, na baada ya muda pembe zote zimekuwa njia za mkato, mpira ukiacha nafasi ya kidole. Unatakiwa uanzie chini katikati, usukumizwe ukiwa umelegea, pembeni ujazwe kidogo zaidi ya kinachoonekana kutosha, na ukatwe mwisho ukiwa mrefu kwa milimita kadhaa ili ncha zisukumane. Kisha mlango utakuwa mgumu kufunga. Watu wengi hukata tamaa siku hiyo hiyo na kurudisha mpira dukani. Funga milango yote, liache gari juani siku chache. Mpira mzuri utajifunza umbo.

Kioo cha kudumu ndicho kinachofichua nani fundi na nani mwenye bisibisi. Mpira unavalishwa kwenye kioo kwanza, mezani, juu ya blanketi. Kisha kamba nyembamba, ngumu, inalazwa ndani ya mfereji ule utakaokaa kwenye bodi, ikizunguka kioo chote, ncha mbili zikipishana chini katikati. Mpira unapakwa maji ya sabuni. Mmoja anasimama nje na kukandamiza kioo kwa viganja, mwingine yuko ndani, anavuta ncha ya kamba kuelekea katikati ya kioo, na ulimi wa mpira unaruka ukingo wa bodi kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, huku wa nje akiufuata kwa kiganja mahali kamba inapofika. Ukisikia mlio mkavu, simama, ongeza sabuni. Hapa gereji nyingi zinachota grisi au mafuta ya injini badala ya sabuni, na hilo peke yake linatosha kuua mpira wowote ule: mpira wa asili huvimba ukikutana na mafuta ya aina hiyo, na EPDM pamoja na ubora wake wote juani haivumilii mafuta. Miezi sita baadaye ulimi umelegea, na lawama inakwenda kiwandani.

Mapambo ya metali yanayong'aa kuzunguka vioo yana kesi yake, fupi. Kwenye Volkswagen Beetle, gari lililong'ara kwenye mbio za Safari za kwanza kabisa 1953 na ambalo bado utaliona limeegeshwa chini ya mwembe fulani, kuna mipira ya aina mbili: yenye mfereji wa kupokea ukanda unaong'aa na isiyo nao. Anayenunua isiyo nao, kisha akajaribu kuubandika ukanda kwa gundi, hawezi kumlaumu aliyeitengeneza. Na ukanda unaingizwa kwenye mpira kabla kioo hakijapanda kwenye gari. Ukingoja kioo kikae, utaupinda, na ukanda ukishapinda haunyooki tena sawasawa. Mwaka wa gari pia una neno. Kioo cha nyuma cha Beetle kilikuwa vipande viwili hadi 1953, kikawa cha yai, 1957 kikawa kikubwa, na kwa magari ya mwaka wa 1965 vioo vyote viliongezwa ukubwa. Ukienda dukani na swali la "mpira wa Beetle upo?" utapewa mpira wa Beetle. Ya mwaka gani, hilo shauri lako.

Turudi kwa yule mwenye tyubu. Silikoni inapendwa kwa sababu inaonyesha matokeo papo hapo, na mwenye gari akimwagia maji jioni anaona pakavu. Ile ya kawaida, inayonuka siki, hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo juu ya chuma kisicho na rangi ni mwaliko wa kutu. Baya zaidi, anayeipaka hudhani kazi ya mpira wa dirisha ni kuzuia kila tone. Sivyo magari haya yalivyobuniwa. Maji yanayoteleza kwenye kioo yanapita mdomo wa mpira wa nje, yanashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu yaliyoachwa chini kwa makusudi. Ule mfereji wenye kitambaa cha manyoya ambamo vioo vya kusukuma vya Series huteleza nao unashika tope na maji, na unahitaji pa kuyamwagia. Fundi wa silikoni anaona tundu, anaziba. Mlango unageuka ndoo, na ukiufungua baada ya mvua kubwa unausikia ukicheza maji ndani. Kabla ya kununua mpira wowote, chukua waya na uzibue matundu ya chini ya milango. Ni bure.

Kuhusu vumbi, kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hawalisemi sana. Gari lenye umbo la sanduku likiwa katika mwendo huacha nyuma yake eneo la hewa yenye shinikizo dogo. Utaliona kwa macho: vumbi la magurudumu halibaki barabarani, linajikunja na kupanda kwenye mlango wa nyuma. Ndani ya kabini shinikizo nalo hushuka, hasa madirisha ya pembeni yakiwa wazi kidogo na matundu ya mbele yakiwa yamefungwa, na gari linaanza kuvuta kutoka popote panapopitika nyuma na chini: mlango wa nyuma, tundu la fimbo ya gia, nyaya zinazopenya ukutani, vifuniko vya sakafu vilivyopoteza bolti. Mwenye gari anaona vumbi kwenye dashibodi, anabadilisha mipira ya milango ya mbele, na vumbi linaendelea kuja kutoka mgongoni mwake. Pamoja na vumbi huja moshi wa ekzosi, ambao una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Kwa gari lililobeba watoto walioketi nyuma, hilo ni kubwa kuliko uchafu.

Land Rover hizi za zamani zilitengenezwa zikiwa na vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, na wengi wamevipiga silikoni au kuvifunga kwa waya kwa sababu mpira wake umekufa. Vipatie mpira mpya, wa kopi, kisha vifungue uwapo njiani peke yako. Hewa safi inayoingia kwa mbele inapandisha shinikizo la kabini na kuupunguza ule mvuto wa nyuma. Ukijikuta nyuma ya lori la mahindi, vifunge mpaka ulipite. Dereva akilizoea hili, gari lenye mipira ya wastani litamtendea vyema kuliko lenye mipira ya kifahari linaloendeshwa limefungwa mbele.

Nimeulizwa mara kadhaa: na thamani ya gari je? Kwamba mnunuzi wa magari ya kale, mzungu wa Arusha au tajiri wa Nairobi, atauliza mihuri. Pengine ataiuliza. Anayetunza gari la maonyesho na atafute hata alama za herufi kwenye kioo, ana haki na ana fedha. Ila gari la Sigino halingojei mnada, linangojea magunia. Mwenye nalo akiwa na pesa za kununua seti moja ya orijino ghali, namshauri azigawe mara mbili. Nusu anunue kopi ya EPDM, baada ya kwenda dukani na kipande cha mpira wake wa zamani alichokikata kwa kisu kikali ili umbo la ndani lionekane, akalinganisha kipande kwa kipande, akabonyeza kwa kidole gumba na kuona unainuka haraka. Nusu nyingine ampe fundi bodi, amlipe kwa siku, si kwa mlango, ili asiwe na sababu ya kuharakisha. Na kama pesa haitoshi milango yote, waanze na wa nyuma.